Wakuu, naandikaje ñ, á na ¿ kwenye kompyuta? Nimemwaibisha mteja wangu

Steshenari Mwanga

Habari za asubuhi wakuu, na mwakeye kwa Waha wenzangu.

Mimi nina kasteshenari kadogo hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta moja ya mezani, laptopu moja, printa, na mashine ya fotokopi ambayo ikijisikia inafanya kazi. Kiswahili nachapa, Kiingereza nachapa, hata Kifaransa cha ndugu zetu wanaovuka ziwa nachapa kwa kubahatisha. Juzi nimekutana na Kihispania.

Kaja kijana anayetembeza wageni kule Gombe. Kajifunza Kihispania kwa simu na kwa wageni wenyewe. Kuna mgeni alimwahidi kumuunganisha na watu wanaoleta watalii kutoka Hispania, kwa hiyo kaniletea barua na wasifu wake, vyote kwa mkono kwenye daftari. Mwandiko mzuri. Ila juu ya herufi kulikuwa na vialama: kijimstari kimelala upande, kiwimbi juu ya n, na alama ya kuuliza iliyosimama kichwa chini. Nikajua ni madoido ya mwandiko. Nikachapa herufi tupu, nikaskani, nikatuma kwa imeili, nikapokea 4,000 yangu.

Jana karudi, hata salamu hakuna. Yule mgeni kajibu huku anacheka. Pale pa umri nilichapa "tengo 26 anos". Ilitakiwa "años", yaani miaka. Bila kile kiwimbi, wakuu, maana yake kijana anatangaza kuwa anazo njia za haja kubwa ishirini na sita. Chini yake nikaongeza "4 anos de experiencia". Hiyo sitafsiri.

Hela yake nimerudisha. Sasa nataka nichape upya, safari hii sawasawa. Ninatumia Windows 10. Kompyuta ya mezani ina kibodi yenye namba pembeni, laptopu haina. Natanguliza shukrani.

Kijana wa Kibirizi

Ishirini na sita 😂😂 Huyo mgeni hakutakiwa kujibu barua, alitakiwa kuita daktari.

Nakaa hapa pembeni nisubiri wajuzi.

Reli ya Kati

Mkuu pole. Dawa ni ndogo na haihitaji kuweka programu yoyote. Hakikisha taa ya Num Lock inawaka, shikilia Alt ya kushoto, piga namba kwenye kile kisanduku cha namba cha kulia, kisha achia Alt. Herufi inatokea yenyewe.

Namba zenyewe nyepesi kukariri kwa sababu zimepangana kama stesheni: á ni 160, í 161, ó 162, ú 163, ñ 164, Ñ 165. Aliyeruka behewa ni é peke yake, yeye yuko 130, na ü yuko jirani yake 129. Ile ya kuuliza iliyopinduka ¿ ni 168, na ya mshangao ¡ ni 173.

Ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani. Mimi nilizibandika tangu enzi za Windows XP, karatasi imeshakuwa ya njano.

Steshenari Mwanga

Mkuu Reli, kwenye ya mezani imekubali! Nimepiga Alt na 164 nikaona ñ imekaa pale, nikaita na jirani wa duka la dawa aje aone. Ila laptopu inagoma. Nabonyeza namba za juu, inalia "ding" tu.

Reli ya Kati

Namba za juu hazihusiki, ni za pembeni tu. Baadhi ya laptopu ndogo zimeficha namba chini ya herufi za upande wa kulia, unazipata kwa kitufe cha Fn. Angalia kama J, K, L zina kijinamba kidogo pembeni. Kama hakipo, basi.

Fundi Unyanyembe

Niko Tabora, naona mnateseka bure. Mtu anayechapa kurasa mbili za Kihispania kwa kupiga Alt na namba tatu kwa kila herufi, kesho atauguza kiganja. Namba ni za mtu anayetaka ñ moja kwa mwaka.

Badilisha mpangilio wa kibodi. Simaanishi ununue kibodi nyingine. Vitufe ni vilevile, unachoiambia Windows ni kuvisoma kwa namna nyingine. Ingia Settings, nenda Time & Language, kisha Language, fungua Kiingereza cha Marekani ulichonacho, ongeza kibodi inayoitwa United States-International. Ishakuja na Windows, hulipi wala hupakui kitu.

Baada ya hapo, kile kitufe cha ritifaa ' kinakuwa kama bubu. Ukikibonyeza hakitoi kitu, kinasubiri. Ukifuatisha a unapata á, ukifuatisha e unapata é, hivyo hivyo i, o, u. Kitufe cha kiwimbi ~ ukifuatisha n unapata ñ. Alama ya kunukuu " ukifuatisha u unapata ü. Na njia fupi kuliko zote ni Alt ya KULIA: ishikilie ubonyeze n, ñ hiyo. Alt ya kulia na a ni á, na e ni é, i, o, u vilevile. Na 1 inakupa ¡, na kitufe cha ? kinakupa ¿. Laptopu, ya mezani, zote sawa.

Kile kisanduku cha namba hutakihitaji tena ila kwa mahesabu.

Reli ya Kati

Mkuu wa Tabora, usidharau namba. Ukiingia kwenye kompyuta ya ofisi ya watu ambayo hata huruhusiwi kugusa Settings, utafanyaje? Namba zinakubali popote penye Windows na kisanduku cha namba.

Halafu kuna sababu zake. Hizi zisizoanza na sifuri ni jedwali la herufi la kompyuta za IBM za 1981. Zinazoanza na sifuri ni jedwali la Windows lenyewe: ñ ni 0241, á ni 0225. Kwenye lile la zamani herufi kubwa zenye alama hazikutimia, É ipo (144) lakini Á, Í, Ó na Ú hakuna. Ukizitaka lazima uingie kwa sifuri: Á 0193, Í 0205, Ó 0211, Ú 0218.

Fundi Unyanyembe

Sijadharau mkuu. Nimesema tu kiganja.

Dada wa Ujiji

Nami nina kazi kama yako kaka, ila kwangu ni Kifaransa zaidi, vyeti na barua za watu wa ng'ambo ya ziwa na wa Burundi. Kaka yangu alininunulia laptopu iliyotumika kutoka Bujumbura, kibodi yake ni ile ya Kifaransa ambayo badala ya QWERTY inaanza AZERTY. Kwa Kifaransa ni raha: é iko kwenye 2, è kwenye 7, ç kwenye 9, à kwenye 0, unabonyeza tu.

Nikadhani basi na Kihispania kitapita humo humo. Wapi! ñ inapatikana kwa kuzunguka (Alt ya kulia na 2, halafu n), na é ipo. Lakini á, í, ó, ú hazimo. Kifaransa hakizitumii, basi waliotengeneza hawakuziweka. Kwa hiyo wenye AZERTY msijipe moyo, mpangilio wa Kihispania utafuteni mbali.

Ujanja wangu wa dharura ni simu. Kwenye simu unashikilia herufi n, zinakuja za ndugu zake zote, unachagua. Neno lenye matata naliandika kwenye WhatsApp, najitumia mwenyewe, nafungua WhatsApp kwenye kompyuta, nakopi, napesti. Kazi ya kijinga lakini mteja anaondoka na karatasi.

Steshenari Mwanga

Wakuu nimerudi na habari mbili.

Nzuri: nimeweka ile International ya Fundi Unyanyembe kwenye mashine zote mbili. Naandika España kama nimezaliwa huko.

Mbaya: mchana kaja mzee wa Kasulu na hati ya mauziano. Nimechapa haraka haraka, nimeprinti nakala tatu, wameweka na dole gumba. Mzee anasoma taratibu kwa miwani, ananiuliza, "Mwanangu, huyu NGÓMBE ni mnyama gani?"

Nimeangalia. Hati nzima. Ngómbe watatu, wawili majike. Na muuzaji ametajwa kuwa "amengóa" kigingi cha mpaka. Na jina la shahidi kwenye alama za kunukuu, "Athumani", limetoka Äthumani kama Mjerumani.

Nimeharibu nini?

Kijana wa Kibirizi

Uzi huu usifungwe kamwe.

Fundi Unyanyembe

Hahaha, samahani mkuu, hilo nilipaswa kulisema. Hujaharibu kitu. Ritifaa imefanya kazi uliyoituma: ikaona o mbele yake, ikampanda kichwani. Kila ng' inayofuatwa na irabu itapatwa: ng'ombe, ng'oa, ng'ara, ng'e. Na alama ya kunukuu ikikutana na A, E, I, O au U, inaweka nukta mbili.

Sisi huku Tabora tunaoandika majina ya Kisukuma tumepona kidogo, kwa sababu Ng'wana ina w baada ya ritifaa, na w haipandwi na kijimstari kwenye mpangilio huo. Inatoka salama. Ng'ombe ndio hawana mtetezi.

Kuna njia ya kumwokoa: baada ya ' bonyeza kitufe cha nafasi. Ritifaa inatoka peke yake, bila nafasi, halafu unaendelea na o. Ila ukichapa Kiswahili kutwa, kidole kitasahau tu.

Kwa steshenari yako bora uwe na mipangilio miwili. Usiifute ile US ya kawaida, iache. Kiswahili chapa kwa US. Akija mtu wa Kihispania, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi, utahamia International. Akiondoka, rudi. Pale chini kulia kwenye skrini, karibu na saa, utaona uko wapi. Jizoeze kupatupia jicho kabla ya kugusa herufi ya kwanza.

Pwani ya Mawese

Nakazia kwa Fundi, kisha naongeza: kama kazi zako zote ni za Word, huna haja hata ya kubadili mpangilio. Baki na US yako, ng'ombe wako watulie. Ndani ya Word, bonyeza Ctrl na ' kwa pamoja, achia, kisha a: unapata á. Ctrl, Shift na ~, achia, kisha n: ñ. Ctrl, Shift na : kisha u: ü. Kwa ¿ ni Alt, Ctrl, Shift na ? vyote kwa mpigo, na kwa ¡ weka ! mahali pa ?. Vidole vitajikunja kama unapiga zeze, lakini inakubali.

Kasoro yake, nje ya Word haifanyi kazi. Ukiandika imeili kwenye intaneti, hakuna kitu.

Mimi mwishowe nilitengeneza mpangilio wangu mwenyewe. Microsoft wana programu ya bure inaitwa Keyboard Layout Creator. Nilichukua ile International nikaifanya ritifaa iwe ritifaa ya kawaida, nikabakisha zile za Alt ya kulia peke yake. Sasa ng'ombe anatoka ng'ombe na año inatoka año, mpangilio mmoja. Wenye Linux hawahitaji hata kutengeneza, wamewekewa tayari: tafuteni ule wa Kiingereza wa kimataifa ulioandikwa AltGr dead keys.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimewasoma kimya tangu asubuhi. Nilijifunza Kihispania kwa mapadri, si kwa kompyuta. Mnazungumzia vitufe, lakini huyu bwana asipojua alama ni za nini atazikosea hata vitufe vikikubali.

Kwanza ñ. Hiyo si n yenye pambo, ni herufi kamili, ina sehemu yake katika alfabeti yao yenye herufi 27. Sauti yake ni ny yetu. España msome Espanya, mañana someni manyana. Zamani waandishi wa kwa mkono, ili kuokoa ngozi ya kuandikia, neno lenye n mbili waliandika n moja na kuweka alama ndogo juu yake. Mwaka kwa Kilatini ni annus, n mbili. Hizo mbili ndizo zilizogeuka ñ kwenye año. Kiwimbi unachokiona ni n iliyopanda juu.

Na wenyewe wana wivu nayo. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya iliwataka waondoe masharti yao yaliyolazimisha kibodi zinazouzwa nchini kwao ziwe na ñ, kwa hoja kwamba yanazuia biashara. Wahispania walikasirika, na mwaka 1993 serikali yao ikapitisha amri ya kuilinda. Ndiyo maana kibodi ya Hispania hadi leo ina kitufe chake cha ñ, pale kulia kwa L, ambapo ninyi mna nukta mkato.

Pili kijimstari. Hapa Mswahili ana bahati. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na wao vilevile, neno likiishia irabu, n au s. Likiishia herufi nyingine, mkazo unaenda silabi ya mwisho. Neno likivunja utaratibu huo ndipo linawekewa alama: teléfono, camión, árbol. Sisi tuna neno moja linalotusumbua hivyo hivyo, barabara. Mkazo ukiwa ba ya pili ni njia ya magari, ukirudi nyuma kwenye ra ya kwanza ni sawasawa, vyema. Tungekuwa Wahispania tungeandika hiyo ya vyema barábara, na ugomvi ungekwisha.

Mara nyingine alama inatenganisha maneno tu. Si ni kama, sí ni ndiyo. Tu ni -ako, tú ni wewe. Na papá ni baba. Ukiacha kijimstari unapata papa, ambaye kwao ni Baba Mtakatifu, na Amerika ya Kusini ni kiazi. Kwetu sisi ni samaki, hilo mnalijua.

Steshenari Mwanga

Shikamoo mwalimu. Kwenye barua kulikuwa na papa. Anaeleza baba yake alikuwa mvuvi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Basi barua yako ilisema kiazi alikuwa mvuvi.

Usihuzunike. Aibu kwa Kihispania ni vergüenza, na hiyo ina nukta mbili juu ya u ili isomwe gwe. Umepata na neno la mazoezi.

Msafiri Rovuma

Mimi nimekaa Msumbiji miaka mingi. Niseme tu kwamba kwa Kireno "anos" bila kiwimbi NDIYO miaka, iko sahihi kabisa. Wareno walipopokea annus waliitupa n moja wakaendelea na maisha. Kwa hiyo mkuu, barua yako haikuwa mbovu, ilikosea nchi.

Na msimwambie aweke Word imbadilishie "anos" kuwa "años" yenyewe. Siku akija Mreno ataanza uzi mwingine.

Dada wa Ujiji

Mwalimu, kwenye herufi kubwa je? Niliambiwa vialama haviwekwi.

Mwalimu Mstaafu

Vinawekwa. Chuo chao cha lugha, kile kilichoanzishwa 1713, kinasema herufi kubwa haisamehewi. Uvumi huo umeshamiri kwa sababu mashine za kuchapa za zamani zilishindwa, na nimeona hapo juu bwana wa reli anasema kompyuta za mwanzo nazo hazikuwa na Á wala Í.

Na alama ya kuuliza iliyopinduka, inatangulia sentensi ili msomaji ajue anaulizwa tangu mwanzo. Chuo hicho kiliipendekeza 1754. Swali lao linaweza kufanana kabisa na maelezo, hakuna "je" ya kukutahadharisha.

Steshenari Mwanga

Wakuu, kabla sijatuma. Nimechapa yote, nimehifadhi kwenye faili la maandishi tupu nikalifungua kwenye kompyuta nyingine, na kila ñ imekuwa Ã±. É ndogo nayo imekuwa Ã©. Virusi?

Pwani ya Mawese

Si virusi. Faili liliandikwa kwa utaratibu wa UTF-8, ambao ñ inatumia baiti mbili. Mashine ya pili imelisoma kwa utaratibu wa zamani wa Windows, ikaona baiti mbili ikadhani ni herufi mbili. Herufi zako hazijapotea. Lifungue upya uchague UTF-8 zitarudi. Ila kwa barua ya mtu ya kuombea kazi, tuma PDF. PDF haiulizi kompyuta ya mpokeaji imeamkaje.

Steshenari Mwanga

Mrejesho wakuu.

Kijana wa Gombe kaja jioni, tumekaa naye bega kwa bega. Yeye anasoma daftari, mimi napiga Alt ya kulia. Tumehesabu ñ kumi na moja, kila moja nikaikuza skrini aione kiwimbi. Papá amerudi kuwa baba. Kichwa cha barua ni ESPAÑA kwa herufi kubwa, nikajaribu Alt ya kulia, Shift na N, ikakubali bila kuuliza mtu humu. Imekwenda kwa PDF. Safari hii kalipa nusu, na kasalimia.

Kisha nikabonyeza Windows na nafasi, nikahakikisha pale chini panasema US, ndipo nikamchapia mzee wa Kasulu hati yake upya. Ng'ombe watatu, wawili majike, wote na ritifaa yao. Nakala tatu, dole gumba upya, bure. Ukijumlisha wiki hii ñ imenila 2,000 na ng' imenila 3,000.

Kijana wa Kibirizi

Na nakala si ungetoa moja tu, nyingine ukapiga fotokopi?

Steshenari Mwanga

Leo haijajisikia.